Faili Imetoka

Mimi ni karani wa masjala,
mlango wa tatu kutoka kwenye lifti iliyokufa,
Mamlaka ya Visima, jijini Nairobi,
na kazi yangu mwaka huu imekuwa neno moja:
imetoka.

Imetoka, Bi Kemunto.
Nilimwambia Jumatatu, ameshika barua yenye mihuri miwili.
Imetoka, nikamwambia Jumatano,
hali nimeikalia,
naam, nimeikalia, chini ya mto wa kiti,
kurasa mia na arobaini zikinipasha joto makalio
kama kuku anayeatamia yai asilolitaga.

Yeye ni mkaguzi wa ndani.
Sheria inasema yuko huru.
Na kweli yuko huru: hana gari, hana msaidizi,
hana mlango unaofungika tangu walipomshusha
kule chini, ubavuni mwa jenereta.
Stima zikipotea, hesabu zake hutetemeka mezani.
Nenosiri lake asubuhi linafungua,
likifika kwenye malipo ya Mukuru
linagoma kama punda aliyeona daraja.

Wahenga waliuliza nani atamfunga paka kengele.
Sisi tulimfunga.
Tena kwa zabuni,
na kengele ikalipiwa mara tatu.
Sasa akikanyaga tu ngazi ya kwanza
ghorofa zote tano zinamsikia:
viti vinasukumwa, droo zinabamizwa,
mashine ya kusaga karatasi inaanza kukohoa,
naibu mkurugenzi anakumbuka mazishi ya shangazi yake,
shangazi aliyezikwa mara nne tangu Januari.

Hakuwahi kunifokea. Hilo ndilo liliniuma.
Alikuwa akivua miwani, akiipangusa kwa ncha ya leso.
"Ilitoka kwenda kwa nani, Wekhomba?"
Swali dogo. Mtoto wa chekechea angelijibu.
Nami natazama dirishani, Barabara ya Bunyala,
makorongo wametulia juu ya migunga,
vipara, matumbo mbele, suti za kijivu,
utadhani kikao cha bodi.

Sijasema ninakoishi.
Ninaishi Mukuru.
Usiku mmoja wa zamu niliinua mto, nikasoma.
Kisima namba kumi na saba:
mita mia mbili na hamsini, tangi la chuma, mifereji minne,
kimekamilika, kimekaguliwa, kimezinduliwa kwa keki.
Kiko, yasema faili, nyuma ya kinu cha posho,
palepale binti yangu Nasambu anapopanga foleni
na mtungi wa lita ishirini
kununua maji yenye rangi ya chai ya rangi.
Nikarudisha mto. Nikaketi.
Niliketi juu ya kisima, jamani,
na kinywa kimenikauka.

Ijumaa barua ya uhamisho ikamshukia.
Anapelekwa Lokichoggio, kuanzia Jumatatu,
akakague ofisi ambayo haijajengwa.
Alipita kwangu kurudisha stepla ya serikali,
aliyoandikisha kwa namba, nani mwingine huandikisha stepla?
Hakuuliza kitu.
Nilingoja aulize. Nilikuwa na neno langu tayari ulimini.
Akageuka.

Sijui kilichoniinua. Usiniite shujaa,
magoti yalikuwa maji na nina mkopo wa chama.
Nilifungua daftari kubwa, nikatafuta mstari mtupu,
nikaandika kwa wino, si kwa penseli yetu ya siku zote:
Kisima 17. Imetoka.
Kwa: Z. Kemunto, Mkaguzi.
Saa kumi na dakika tano.

Nikainua mto.
Aliipokea faili bado ina joto.
Hakunishukuru. Aliinamia daftari, akakunja uso,
akanigongea ukurasa kwa kidole.
"Sahihi yako haisomeki.
Andika jina."

Nikaandika, herufi moja moja,
kama mtu anayechimba,
huku juu yetu, ghorofa baada ya ghorofa,
viti vikianza kusukumwa.